Nimonia ya Wodini na Mapafu ya Wazee

Mzee aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga huweza kupona mfupa, kisha akauawa na mapafu. Nimonia izukapo saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, wataalamu huihesabu kuwa imepatikana hospitalini, na viini vyake mara nyingi si vile vya mitaani.

Mtu aliyezeeka hukohoa kwa udhaifu, na koo lake huchelewa kuziba njia ya hewa anapomeza. Alalapo chali siku nyingi, mate yenye viini humteremkia mapafuni kidogo kidogo. Tena homa huenda isipande. Dalili ya kwanza yaweza kuwa kuchanganyikiwa tu, na jamaa wakadhani ni uzee.

Miongoni mwa viini hivyo yumo bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae. Penisilini na dawa za jamii yake huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge ukuta wa seli. Klebsiella hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafanya kazi. Abraham na Chain walieleza kimeng'enya cha namna hiyo mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea mahospitalini! Jeni zake mara nyingi hukaa katika plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja huweza kumpa mwenzake, hata wa spishi nyingine.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: bakteria mmoja akijigawa kila dakika 20 pasipo kizuizi, baada ya saa 10 watakuwa 1,073,741,824. Dawa ikiwaua wote isipokuwa mmoja aliye sugu, nafasi yote iliyobaki ni ya uzao wake.

Karbapenemu, ambazo madaktari walizitegemea kama akiba, nazo zimeanza kushindwa. Kolistini ipo, lakini huweza kudhuru figo, na figo za mzee mara nyingi zimekwisha kudhoofu.

Kwa maoni yangu tunatazamia mno dawa mpya. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1999, katika nyumba 11 za kutunzia wazee, ulionyesha kwamba waliosafishwa vinywa baada ya kila mlo walipatwa na nimonia kwa uchache kuliko wenzao. Hizo hazikuwa wodi za hospitali, lakini njia ya viini ni ile ile: kinywa, koo, pafu. Na mswaki humwondoa bakteria sugu pamoja na asiye sugu.