Kalenda na namba za kooperative zikae kwetu

Sekretere akipoteza simu, namba za wanunuzi wa kahawa zinapotea naye. Akihama, anahama nazo. Wakati ni mali ya wote!

Kooperative yenye seva ya Nextcloud kwenye biro haina haja ya kununua kitu. Msimamizi anaongeza programu mbili za bure, ile ya kalenda na ile ya namba za simu, halafu anazigawa kwa kamati: siku ya kupima kahawa, siku ya malipo, mkutano.

Kwenye Android ndipo wengi wanakwama, maana simu hiyo yenyewe haijui kuongea na seva ya namna hii. Inaomba DAVx⁵, ambayo kwenye F-Droid hailipiwi. Unaandika adresi ya seva, jina na neno la siri, unachagua kalenda, basi. iPhone haiombi programu.

Mtandao ukikatika, si neno: ulichoandika kinangoja kwenye simu, kinapanda baadaye.

Lakini tuangalie sana haki ya kubadilisha. Mwenye haki hiyo akifuta namba kwa simu yake, imefutika kwa wote. Sisi tunashauri wawili tu wapewe, wengine wasome. Na kopi ya akiba ilale nyumba ingine.