Nauli Ndogo na Kipimo cha Mkoba

Wengi wetu wakaao Ulaya husafiri kwa ndege za nauli ndogo, wala si vibaya mtu kuhifadhi mali yake. Lakini yampasa ajue nauli ile inanunua nini: mara nyingi ni kiti tu, na mkoba mmoja mdogo wa kuwekwa chini ya kiti cha mbele. Katika Ryanair, tangu Septemba 2025, kipimo chake ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Ukizidi, hulipiwa, na alipaye langoni hulipa zaidi kuliko aliyelipa mapema.

Hapo ndipo foleni hukwama. Baba afungua mzigo mbele ya watu, mama avaa makoti mawili, watoto walia, na karani asiyeitunga sheria ile hutukanwa kwa ajili yake.

Je, ni haki kuutoza mkoba wa mkononi? Tarehe 18 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mzigo huo ni wa lazima kwa msafiri, basi usitozwe nyongeza, maadamu uzito na ukubwa wake ni wa kadiri na umetimiza masharti ya usalama. Mwaka 2024 Uhispania iliyatoza mashirika matano faini ya yuro milioni 179 kwa mambo haya na mengineyo, nayo yakapinga. Shina la ugomvi ni neno moja: kadiri ni ngapi?

Basi someni masharti kabla ya kulipa, pimeni mkoba nyumbani, na mwenye lalamiko aliandikie shirika, asimtukane karani.