Katibu wa Hospitali Naye Huwaponya Wagonjwa



Katika mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25-37) tumezoea kumsifu yule aliyemfunga majeruhi vidonda njiani. Mwenye nyumba ya wageni tunamsahau. Lakini Msamaria alimwachia dinari mbili na mgonjwa wa kutunza, akaendelea na safari. Tangu hapo uzima wa mtu yule ulitegemea kitanda, chakula na hesabu za mwenye nyumba.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu baadhi ya familia zetu zina vijana waliohitimu masomo ya afya ya jamii, na sasa wanafanya kazi za uongozi hospitalini. Wazazi wengine hunung'unika: "Tulimsomesha ahudumie wagonjwa, mbona amekuwa karani?" Mwezi huu tuitazame safari hiyo.

Masomo ya afya ya jamii humfundisha kijana kuutazama ugonjwa katika kijiji kizima, siyo kwa mtu mmoja tu. Hujifunza takwimu, lishe, chanjo, usafi wa mazingira na jinsi magonjwa yanavyoenea. Baadaye wengine hujiendeleza katika uongozi. Hapa Tanzania, kwa mfano, Chuo Kikuu Mzumbe hutoa shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya. Huko kijana hukutana na bajeti, manunuzi na mambo ya watumishi. Wengine huwa makatibu wa afya, wakimsaidia Mganga Mkuu katika uendeshaji.

Je, elimu ile ya kwanza imepotea? Hapana. Tuseme vitabu vya MTUHA vinaonyesha kuwa watoto wanaoharisha wameongezeka, na wengi wao wanatoka kitongoji kimoja. Asiyejua atajumlisha tu na kutuma taarifa wilayani. Aliyesomea afya ya jamii atafanya mambo matatu. Kwanza, ataagiza ORS na zinki kabla hazijaisha stoo. Pili, atapanga muuguzi wa ziada katika wodi ya watoto. Tatu, atamwomba Bwana Afya akakague kisima cha kitongoji kile.

Tuchukue mfano wa pili. Mama amejifungua usiku, naye anatokwa na damu nyingi. Mkunga anahitaji sindano ya oksitosini, dawa ambayo hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kama umeme ulikatika na jenereta haikuwa na mafuta, friji ilipata joto, na dawa yaweza kupungua nguvu ingawa kwa macho haionyeshi tofauti. Mkunga atachoma sindano, na damu huenda isikome. Mama akipona tutamshukuru mkunga, na ni haki yake. Lakini aliyehakikisha mafuta yapo naye amemwokoa mama huyo.

Jaribu kubwa la kazi hii ni fedha. Hospitali isiyokusanya fedha haiwezi kununua dawa wala kulipa mishahara. Inayomfukuza maskini nayo haistahili kuitwa ya Kanisa. Katibu mwema hapandishi ada kila anapobanwa. Husimamia madai ya bima yajazwe sawasawa, kwa maana yenye kasoro huweza kukataliwa. Palipo na mkataba wa huduma kati ya Jimbo na Halmashauri, hufuatilia kilichoahidiwa. Tena huhakikisha dawa hazitoki stoo kwa mlango wa nyuma. Fedha inayookolewa hivyo ndiyo inayoweza kumtibu asiye na kitu.

Basi, wazazi, kijana wenu akichagua njia hii msimvunje moyo. Mshaurini aanze kwanza zahanati au kituo cha afya, akae na wagonjwa kwenye foleni kabla ya kukaa kwenye kiti cha ofisi. Mwombeeni pia uaminifu, kwa kuwa funguo za stoo na za sanduku la fedha zitakuwa mikononi mwake.

Nasi waamini tuna wajibu wetu. Tulipe tunachoweza kulipa, tujiunge na bima mapema tukiwa wazima, na tutoe taarifa tukiona dawa za hospitali zikiuzwa mitaani. Msamaria alimwahidi mwenye nyumba kwamba gharama itakayozidi angeilipa atakaporudi. Nyumba zetu za wagonjwa nazo zinahitaji watu wa kuahidi hivyo, na kutimiza.