Kidimbwi nyuma ya nyumba

Hapa Rubaya, kijito cha bondeni kwetu ni chekundu. Udongo unaooshwa kutafuta koltani, madini yanayoingia ndani ya simu za dunia nzima, huzuia mwanga majini na kuziba matamvua ya samaki. Ndiyo maana ninakilinda sana kidimbwi nilichochimba nyuma ya nyumba: hatua nne tu, maji ya mvua kutoka kwenye mabati.

Sikuleta kiumbe hata kimoja. Kereng'ende walifika wenyewe, wakataga mayai. Watoto wao huishi chini ya maji miezi mingi wakiwinda viluwiluwi vya mbu. Kisha siku moja hupanda juu ya unyasi, ngozi hupasuka mgongoni, na mbawa hutoka zimekunjamana. Nilikaa nikitazama mpaka chai ikapoa.

Vyura walifuata mvua. Ukingo mmoja niliuacha mteremko, wapate kutoka. Asubuhi kitwitwi huja kuokota wadudu.

Mama mkwe aliomba niweke tilapia, bukari ipate kitoweo.

"Mama, watakula mayai ya vyura."

Tukakubaliana nichimbe shimo la pili, karibu na maharage.