Kikaragosi cha Kompyuta: Jinsi ya Kumtembeza Mhusika wa Katuni

Kijana anayejua kuchora anaweza kutengeneza katuni yenye mwendo akiwa na kompyuta moja tu. Kilichowashinda wengi ni wingi wa michoro. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Hata kila mchoro ukitumika mara mbili, sekunde 10 huhitaji michoro 120. Njia ya kikaragosi hupunguza kazi hiyo: mhusika huchorwa mara moja kwa vipande, vipande vikaungwa, kisha vikasogezwa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitumia vikaragosi vya kukatwa kwa mkasi katika filamu yake ya The Adventures of Prince Achmed ya mwaka 1926. Leo kompyuta imechukua nafasi ya mkasi na waya.

Hatua za kufuata

1. Chora mhusika akiwa amesimama, mikono ikiwa mbali na mwili. Kila kiungo kiwe katika tabaka lake: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha, kiganja, paja, muundi na wayo.

2. Viringisha ncha za maungio na uziache zipandane. Ukizikata sawasawa, kiwiko kikikunjwa patatokea pengo.

3. Weka egemeo mahali kiungo kinapozungukia, yaani begani, kwenye kiwiko na gotini. Egemeo likikosewa, mkono hung'oka begani.

4. Unga viungo kwa ngazi. Kiganja kifuate kigasha, kigasha kifuate mkono wa juu. Bega likizunguka, mkono wote unafuata. Kiganja kikipunga, bega linatulia.

5. Chora midomo ya kubadilisha. Kwa Kiswahili, anza na sita: mmoja kwa kila irabu a, e, i, o, u, na uliofumbwa kwa m, b na p.

6. Kunja kila kiungo ukijaribu, kabla ya kuanza hadithi. Kasoro ni rahisi kurekebisha sasa kuliko baadaye.

Baada ya hapo, weka mikao mikuu tu, na kompyuta itajaza ya katikati. Lakini kompyuta ikijaza kwa kasi moja, mhusika huonekana kama mashine. Fanya mwendo uanze taratibu na utulie taratibu.

Programu za Synfig, OpenToonz na Blender hupakuliwa bila malipo na zinatosha kwa anayeanza.

Linda kazi yako

Tumia mhusika uliyemchora mwenyewe. Michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na unaweza kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO).

Mteja akikuagiza katuni, andikianeni mapema: je, ananunua video peke yake, au pia faili ya kikaragosi? Tofauti ni kubwa. Video ni tofali moja. Faili ni kalibu. Mwenye faili hiyo anaweza kutengeneza video nyingine nyingi bila kukuita tena. Ukiamua kuitoa, bei yake isiwe ile ya video moja.