Simu Nayo Ijue Kusubiri

Ndugu msikilizaji, bila shaka umewahi kubonyeza kitufe cha simu, kioo kikaganda, ukabonyeza tena na tena bila jibu. Wengi wetu hulaumu mtandao. Lakini wakati mwingine mtandao hauna hatia. Programu yenyewe haikufundishwa kusubiri.

Ndani ya kila programu ya simu yupo, tuseme, mtumishi mkuu mmoja. Ndiye anayechora unachokiona kiooni na ndiye anayepokea mguso wa kidole chako. Mfikirie mama lishe aliye peke yake kibandani. Akiinjika maharage kisha akasimama kuyakodolea macho mpaka yaive, wateja wataondoka. Mwenye busara huyaacha jikoni, akamimina chai, akapokea fedha, na wakati ukifika akarudi kugeuza chungu.

Watunga programu nao wana njia hizo mbili. Katika lugha ya Kotlin, inayotumika sana kwa simu za Android, agizo la sleep humlaza mtumishi mwenyewe. Agizo la delay huahirisha ile kazi moja tu, naye akabaki huru. Muda huandikwa kwa milisekunde: 2000 ni sekunde 2. Mtumishi akilala, na mguso wako ukakosa jibu kwa sekunde 5, Android hutangaza kwamba programu haiitikii na kukuuliza kama uifunge.

Lipo kosa jingine, nalo lina hasara zaidi: kusubiri kwa kukisia. Programu inatuma fedha, inahesabu sekunde 3, kisha inatangaza kwamba imeshindikana. Kumbe jibu lilikuwa njiani, likafika sekunde ya 4. Mwenye simu anatuma tena, na fedha zinakwenda mara mbili.

Dawa yake inajulikana. Programu isubiri jibu lenyewe, na muda ukipita iseme wazi kwamba bado haijui. Kila ombi lipewe namba yake, ili likirudiwa lisilipwe upya. Na inapojaribu tena, ingoje sekunde 1, kisha 2, 4, hata 8, ikichanganya na muda kidogo wa bahati nasibu, simu zote zisigonge mlango kwa pamoja.

Subira yavuta heri, ndugu msikilizaji, lakini vijana wetu wanaotunga programu wakumbuke kwamba fedha inayosubiriwa ni ya mtu.