Mizani Haioni Misuli

Keti kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara 5 bila kujishikilia. Ikikuchukua zaidi ya sekunde 15, nguvu ya misuli yako ina walakini. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo, kipimo hiki nakiamini kuliko mizani.

Mizani haitofautishi nyama na mafuta. Mgonjwa anaweza kubaki na kilo zake 70 mwaka hadi mwaka, ndugu wakamsifu kuwa hajapungua, kumbe misuli ya mapaja na ya kandokando ya uti wa mgongo inasinyaa na mafuta yanashika nafasi yake.

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kabla ya miaka 45. Kinga ya mwili hushambulia viungo vinavyounga mgongo na nyonga, na mwili humwaga kemikali za uvimbe, mojawapo ikiitwa TNF. Kemikali hizo hazikai mgongoni tu. Huzunguka na damu na kuifanya misuli ivunje protini yake upesi kuliko inavyoijenga. Maumivu nayo humlaza mgonjwa kitandani, na msuli usiotumika husinyaa hata kwa mtu mzima wa afya.

Ndiyo maana ushauri wa “pumzisha mgongo” huponza. Mgongo ulioteguka kwa kubeba gunia hupata nafuu ukitulia, ila wenye ugonjwa huu hukakamaa zaidi. Mgonjwa huamka kama ubao, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi, akilainika kadiri anavyotembea.

Dawa za kupunguza uvimbe zinahitajika, lakini hazijengi paja. Na vidonge vya steroidi, ambavyo baadhi yetu huvinunua bila cheti cha daktari, vikimezwa muda mrefu hudhoofisha misuli na mifupa pamoja. Kinachojenga ni kuipa misuli kazi yenye uzito: kuinuka kitini mara kwa mara, kupanda ngazi, kuinua kidumu cha maji kidogo kidogo, na sahani yenye dagaa, mayai au maharage. Aliyekwisha kukakamaa mgongo aanze na mtaalamu wa fiziotherapia, kwani pingili zilizoungana huvunjika kirahisi akianguka.

Jipime leo, andika sekunde zako, na siku ya kliniki mwoneshe daktari.